"Alifanya Yote kwa Ajili ya Watoto Wake"



Kila tunapomzika mtu aliyekuwa na duka, au chombo cha bahari, au shamba kubwa la mikorosho, wasifu wake husomwa mbele ya watu, na karibu kila mara twasikia maneno haya: "Marehemu alikuwa mtu wa bidii, na yote aliyoyafanya aliyafanya kwa ajili ya watoto wake." Watu huitikia kwa kichwa, jamaa hulia, na ibada huendelea. Maneno hayo ni mazuri, wala hatutaki kuyaondoa. Lakini yafaa tuyaweke juu ya mizani, kama mkulima awekavyo gunia lake ghalani, kwa maana ndani yake mna swali zito. Je, mapenzi ya baba kwa watoto wake yatosha kuifanya biashara yake kuwa njema? Na je, mtu aweza kuwa baba mwema kwa mali aliyoipata kwa kuwapunja baba wengine?

Ili tusiseme hewani, na tumwangalie mtu mmoja aliyejulikana na nchi nzima, naye alikuwa mtu wa Kanisa letu. Huyo ni Bwana Reginald Mengi, aliyefariki Dubai tarehe 2 Mei 2019, akazikwa kwao Machame, katika miteremko ya Kilimanjaro, tarehe 9 ya mwezi huo. Machame ni mbali na pwani yetu ya kusini, nasi tutaonyesha mbele kidogo kwa nini habari zake zatuhusu. Kwanza tukumbuke maisha yake.

Mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba alikulia katika umaskini, katika nyumba ya udongo, watu na mifugo wakilala chini ya paa moja. Alikwenda Uingereza akajifunza kazi ya hesabu, akarudi nchini mwaka 1971, akaingia katika kampuni ya wakaguzi wa hesabu iitwayo Coopers & Lybrand, hata akawa mkuu wake hapa kwetu. Kazi ile ilimpa heshima na mshahara, na mtu mwingine angalitosheka nayo mpaka uzee. Lakini katika miaka ya 1980 bidhaa zilikuwa adimu madukani, hata kalamu ya kuandikia ilikuwa kitu cha kuhangaikiwa. Yeye akaanza kuunganisha kalamu nyumbani mwake Dar es Salaam. Mwaka 1989 aliiacha kazi ya ukaguzi, akajitia katika biashara kwa nguvu zake zote. Kutoka katika kalamu zile ikakua IPP, iliyokuja kuwa na kiwanda cha vinywaji huko Moshi, na magazeti ya The Guardian na Nipashe, na Radio One, na televisheni ya ITV.

Tena alikuwa na mambo mengine yaliyowafanya watu wamwite baba. Kila mwaka aliwaalika walemavu kwa mamia, akala nao meza moja. Aliwalipia gharama watoto wenye ugonjwa wa moyo wapelekwe India kutibiwa. Alihimiza upandaji wa miti katika mlima wa kwao. Na katika nyumba yake alipatwa na msiba ambao mali haiwezi kuuzuia, maana mwaka 2005 alifiwa na mwanawe. Mwaka 2018, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, alitoa kitabu cha maisha yake kiitwacho "I Can, I Must, I Will", yaani, Naweza, Sina budi, Nitafanya.

Sasa, habari hizi zatugusaje sisi tukaao kati ya Mikindani na kinywa cha mto Ruvuma? Gesi ya Msimbati, katika ghuba ya Mnazi, iligunduliwa mwaka 1982, ikakaa chini ya mchanga wetu miaka mingi kabla ya kuwasha taa. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walighadhibika sana kwa ajili ya bomba la kuipeleka Dar es Salaam, na katika ghasia za mwaka ule watu walipoteza maisha. Na mwaka ule ule Bwana Mengi, aliyekuwa mwenyekiti wa taasisi ya sekta binafsi, alisema hadharani kwamba wenyeji wapewe nafasi katika vitalu vya gesi vilivyokuwa vikigawiwa. Alijibiwa na wakubwa wa serikali kwamba kazi ile yataka fedha na ujuzi ambao wafanyabiashara wa nyumbani hawakuwa nao. Basi mwenye viwanda wa Dar es Salaam na mchuuzi wa samaki wa Msimbati waliuliza neno lililo karibu moja: Je, utajiri huu utapita mbele ya watoto wetu kama meli ipitavyo, wao wakiutazama kutoka ufukweni?

Swali hilo ni la haki. Lakini hapa hapa yatupasa kuwa macho, kwa kuwa mtu mwenye mali aweza kusema "wenyeji" naye moyoni amesema "mimi", na aweza kusema "watoto wetu" akiwafikiri watoto wake peke yao. Neno "mtoto" ni joho pana, na tamaa nyingi zimejificha chini yake. Hivyo twarudi kwenye swali letu la kwanza.

Bidii peke yake haitoshi kuwa sifa. Twaijua habari hiyo kwa majengo yetu wenyewe. Katika karne ya 19 Mikindani ilikuwa bandari ya pembe za ndovu na ya watumwa. Livingstone aliposhuka hapo mwaka 1866 na kuufuata mto Ruvuma kwenda bara, aliona njiani maiti za watu waliokuwa wamefungwa katika misafara, wakaachwa walipochoka. Wenye misafara ile hawakuwa wavivu. Walitembea miezi mingi kwa jua na mvua, walijua kuhesabu, walijua kusubiri, walistahimili homa na hasara. Wala hatuna sababu ya kudhani kwamba hawakuwapenda watoto wao. Walirudi na nguo na vyombo, wakawaozesha binti zao kwa fahari. Lakini kila kitambaa kilichofika nyumbani kwao kilikuwa kimelipwa na baba mwingine huko bara, ambaye jioni moja alihesabu watoto wake asiwaone wote. Mtu akituambia leo kwamba wenye misafara walifanya yote kwa ajili ya watoto wao, tutamjibu ya kuwa pengine ni kweli, nako kusema kweli hiyo hakumsaidii mtu.

Mtu atasema, "Hayo ni ya kale." Haya, na tutazame mambo ya siku hizi. Pwani yetu na bara yake twaijua sana biashara iitwayo kangomba. Katika miezi ya njaa, mikorosho ingali mitupu, mkulima hana unga, au mtoto ni mgonjwa, au mahitaji ya shule yadaiwa. Hapo mnunuzi huja na fedha mkononi, akanunua korosho ambazo hazijazaliwa bado, kwa bakuli wala si kwa mizani, kwa bei ya mtu mwenye shida. Msimu ufikapo, mkulima huokota mali ya mwingine katika shamba lake mwenyewe. Kwa ajili ya mambo kama hayo uliletwa mpango wa stakabadhi ghalani mwaka 2007, ili korosho zipimwe na kuuzwa kwa mnada. Na mwaka 2018, wakulima walipozikataa bei za mnada, serikali ilitangaza kuzinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, askari wakatumwa kuzichukua, na wenye kangomba wakatafutwa. Lakini njaa haiondoki kwa tangazo, na palipo na njaa bakuli hurudi.

Basi mwangalieni mwenye bakuli. Ni mtu wa bidii kupita wengi wetu. Jogoo likiwika yuko juu ya pikipiki, anakwenda Kitaya, anakwenda Kilambo, anarudi usiku amejaa vumbi. Hanywi, hachezi kamari. Wanawe wana viatu, nao wanasoma shule nzuri. Akifa, wasifu wake utasomwa kwa machozi. Na katika kijiji kile kile yuko mtoto aliyeacha shule kwa sababu korosho za baba yake zilikwisha kuondoka katika bakuli kabla hazijaiva. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba; lakini hawakusema kibaba hicho ni cha nani. Watoto hawa wawili wameketi dawati moja, mmoja akainuka akaenda zake ili mwingine apate nafasi ya kukaa vizuri. Hapo maneno "kwa ajili ya watoto wangu" hayaondoi deni, yanaonyesha tu lilikotumika.

Dokta Martin Luther aliliona jambo hili katika nchi yake. Mwaka 1524 aliandika kitabu juu ya biashara na riba, akaishambulia kanuni waliyokuwa nayo wafanyabiashara wa siku zile, kwamba mtu aweza kuuza kitu chake kwa bei ya juu kadiri awezavyo kuipata. Alisema kwamba kanuni hiyo yafungua mlango wa jehanamu, kwa maana humtazama mwenye shida kama nafasi ya kupata zaidi. Hakukataza biashara, wala hakukataza faida. Alikubali kwamba mwuzaji astahili kulipwa gharama zake, na taabu yake, na hatari aliyoichukua, apate riziki ya kiasi. Bali alitaka bei ipimwe kwa kumkumbuka jirani, kwa kuwa kuuza ni tendo analotendewa jirani. Na kama kuuza ni hivyo, kununua nako ni hivyo.

Pengine mwenye bakuli atatujibu hivi: "Ninyi mwaandika magazetini, nanyi hamkuwapo usiku ule mkulima alipobisha mlangoni pangu. Ghala lilikuwa limefungwa, chama hakikuwa na fedha, mtoto wake alikuwa na homa. Mimi nilimpa. Nisingalimpa, nani angalimpa?" Jibu hili si la kupuuzwa. Ni kweli kwamba yeye alikuwapo, na wengi wa wema hawakuwapo. Lakini na tuulize neno moja: alimpa kama nini? Akimkopesha jirani yake, akaridhika na faida ya kiasi, amekuwa baba wa watoto wawili usiku ule. Akichukua gunia zima kwa thamani ya robo gunia, amemtibu mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amechukua chakula chake cha mwaka. Na sisi wa sharika tusijivune, kwa sababu mahali ambapo hatuna hata akiba ndogo ya kuwakopesha wenye shida katika miezi ya njaa, tumemwachia mwenye bakuli mlango wazi.

Hapo ndipo tuonapo kitu cha kujifunza katika maisha ya Bwana Mengi. Wala hatusemi kwamba alikuwa bila dosari. Alikuwa mfanyabiashara mkubwa, mwenye mashindano na watu wakubwa, na kila mtu wa namna hiyo huacha nyuma yake wenye kumsifu na wenye kumlaumu. Twatazama jambo moja tu. Kalamu ilikuwa kitu walichokosa watu wengi, naye alijipatia riziki kwa kukileta. Na ubaba wake haukuishia ukutani mwa nyumba yake. Mtoto wa mtu mwingine, mwenye moyo mgonjwa, asiyeweza kumlipa chochote, aliingia katika hesabu zake. Twamkumbuka Ayubu, ambaye Maandiko yatuambia mambo mawili juu yake: kwamba aliamka asubuhi na mapema kuwaombea watoto wake mmoja mmoja, na kwamba alikuwa baba kwa maskini. Mambo hayo mawili yalikaa katika mtu mmoja, wala hayakugombana. Naye alipofiwa na watoto wake, mali yake ikiisha kupotea, ule ubaba wa pili ulibaki kuwa ushahidi wake mbele ya rafiki zake waliomshitaki.

Liko neno la pili la kupima. Hata mali iliyopatikana kwa haki haiwezi kuwa baba. Watu wetu wa kusini ni wepesi wa safari. Wachuuzi wadogo katika barabara za Dar es Salaam huitwa wamachinga, nalo ni jina la watu wa pwani hii yetu ya kusini. Vijana wetu waliondoka na tumaini, wakabeba bidhaa mabegani juani, wakatuma fedha nyumbani, na watoto wakalelewa na bibi zao. Hatuwalaumu waliokwenda kwa kulazimishwa na shida. Tena kati ya Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa katika malezi, hata baba aliweza kudhani kwamba ametimiza yote akiisha kuleta nguo na chumvi. Lakini mtoto hujifunza uaminifu kwa kumwona mtu mwaminifu karibu. Hujifunza mizani kwa kumwona baba yake akiongeza kidogo pale alipoweza kupunguza, wala mteja hakuona. Fedha iliyotumwa haiwezi kumfundisha hayo.

Luther naye aliandika mwaka 1522 kwamba baba akifua nguo chafu za mtoto wake mchanga kwa imani, watu watamcheka, bali Mungu na malaika wake wafurahi. Maneno hayo aliyaandika kabla hajaoa. Akaja kuwa baba, na mwaka 1542 binti yake Magdalena, mwenye umri wa miaka 13, akafia mikononi mwake, naye akalia mbele ya watu wote bila haya. Mtu mwenye shughuli nyingi hivyo, aliyeandikiana barua na wakuu wa nchi, alikuwapo kando ya kitanda. Kuwapo huko hakuna atakayemfanyia baba mwingine.

Na neno la tatu ni la urithi. Mfanyabiashara mwema hutunza daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini ziko hesabu ambazo daftari haliwezi kuzifunga. Baada ya kufa kwake Bwana Mengi, wosia uliotolewa kwa jina lake ulibishaniwa mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaukataa. Hatutaji jambo hilo ili kuhukumu nyumba yenye msiba. Kati yao si kazi yetu kuamua. Twalitaja kwa sababu kila mwenye mali, mkubwa na mdogo, hata mwenye mikorosho kumi na mashua moja, yapasa ajiulize angali na afya: Je, nitawaachia watoto wangu kitu cha kugawana, au kitu cha kugombania? Na hayo mawili yaweza kuwa shamba lile lile. Baba aandike wosia wake mapema, mbele ya mashahidi, kwa akili timamu, pasipo kumficha mke wala mtoto. Hili nalo ni tendo la upendo, na wengi waliofanya yote kwa ajili ya watoto wao walilisahau hili moja.

Basi walimu na wazee, ninyi mnaoombwa kuandika wasifu wa marehemu, twawasihi msiuandike kama orodha ya mabati na magari. Wala msiende upande wa pili, mkaona haya kutaja kwamba alikuwa mtu wa biashara, kana kwamba biashara ni uchafu wa kufunikwa siku ya maziko. Dunia yahitaji watu waamkao mapema. Ulizeni mambo matatu tu. Kwanza, watu waliouziana naye, walipotoka mlangoni pake, walikuwa wamesimama au wameinama? Pili, watoto wake walimjua yeye, au waliijua fedha yake? Tatu, je, alikuwapo mtoto asiye wake aliyepata nafuu kwa ajili yake? Jibu likiwa jema, lisomeni kwa sauti kuu, watu walisikie mpaka nje. Na likiwa gumu, someni kwa adabu yale yaliyo ya kweli, kisha nyamazeni. Maana marehemu amekwisha kufika mbele ya Hakimu mwingine, na wasifu wetu hauwezi kumwongezea wala kumpunguzia.

Nasi tulio hai, tulio na maduka, na mizani, na mashua, na mikorosho, tusingoje kusomewa. Msimu u karibu kila mwaka, na mwenye shida atabisha hodi. Siku ile, kabla hatujatia mkono mfukoni, na tumkumbuke mtoto aliyelala nyumbani kwake kama tumkumbukavyo aliyelala nyumbani kwetu. Ndipo itakuwa kweli kusema kwamba tulifanya kwa ajili ya watoto.